Orodha ya wasomaji kwanza, huduma mpya baadaye: mwongozo kwa mwenye blogu

Julai 2021 Google iliacha kutuma barua pepe kupitia FeedBurner, huduma yake ya kuwapelekea wasomaji makala mpya za blogu. Blogu nyingi zilizokuwa Blogspot zilikuwa na kile kisanduku cha pembeni cha kuandika barua pepe ili upate habari mpya, na nyuma yake ilikuwa FeedBurner. Mwenye blogu aliyejua kwamba anwani zile zinapakuliwa kama faili alilichukua, akalipandisha kwenye huduma nyingine, na wasomaji wake hawakuhisi kitu. Asiyejua alianza kukusanya watu upya.

Haikuwa mara ya kwanza. Google Reader ilifungwa Julai 2013, Vine Januari 2017, Google+ Aprili 2019, na Revue, huduma ya jarida la barua pepe iliyonunuliwa na Twitter, ilifungwa Januari 2023. Huduma nyingine zitakuja na nyingine zitakufa, na hakuna ubaya kuzitumia. Mpangaji naye hupaka nyumba rangi, ila samani anazihesabu kuwa zake. Kwa mwenye blogu samani ni vitu viwili: jina la blogu na mawasiliano ya wasomaji. Mwongozo huu ni wa kuviweka mkononi mwako, halafu kuijaribu huduma mpya bila kuvihatarisha.

Jina la domeni

Domeni ni anwani ya blogu yako mwenyewe, kama jinalako.co.tz. Ya .com hugharimu takribani dola 10 hadi 15 kwa mwaka. Za .co.tz na .co.ke hupatikana kwa wasajili wa ndani, ambao wengi hupokea malipo ya simu, na hilo peke yake ni sababu nzuri ya kuwachagua ukiwa huna kadi. Kosa linaloumiza kuliko yote hapa si la kiufundi: fundi aliyekutengenezea blogu anasajili domeni kwa jina lake na barua pepe yake. Mkikosana au akibadilisha namba, domeni imeondoka naye. Sajili mwenyewe, kwa barua pepe ambayo haiko kwenye domeni hiyo hiyo, maana domeni ikiisha muda barua ya kukukumbusha kulipia haitakufikia.

Kama uko Blogger (ndiyo Blogspot) huhitaji kuhama. Mipangilio ya blogu ina sehemu ya domeni yako mwenyewe. Utapewa rekodi mbili za CNAME, yaani mistari ya kuandika kwenye mipangilio ya domeni kwa msajili wako, moja ikielekeza www kwenda ghs.google.com na nyingine ya kuthibitisha kwamba domeni ni yako. Baada ya hapo anwani ya zamani ya blogspot inawapeleka watu kwenye anwani mpya yenyewe, hivyo linki zilizokwisha kusambazwa hazifi.

Kwa walioko Tanzania kuna jambo la leseni pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilianza 2018 na zimekuwa zikirekebishwa tangu hapo, kwa hiyo angalia kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni kundi gani la maudhui linahitaji leseni na kwa ada gani kabla ya kuanza kuuza matangazo.

Kuchagua huduma ya kutuma barua

Usitume jarida kwa kubandika anwani 200 kwenye BCC ya Gmail. Hakuna njia ya kujiondoa, huoni anwani zipi zimekufa, na siku ukikosea ukaziweka kwenye CC umeanika orodha nzima. Tumia huduma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo: MailerLite, Brevo, Mailchimp, Kit (iliyokuwa ikiitwa ConvertKit), Buttondown, Substack.

Zote huanza na kifurushi cha bure au cha bei ndogo, na hapo ndipo pa kupiga hesabu. Kifurushi cha bure cha Brevo kimekuwa na kikomo cha barua 300 kwa siku, maana yake orodha ya watu 900 inahitaji siku tatu kupokea barua moja. Mailchimp ilikuwa ikiruhusu anwani 2,000 bure, kisha ikashusha hadi 500. Kifurushi cha bure ni chambo. Hesabu utalipa kiasi gani orodha ikifika watu 1,000 na ikifika 5,000. Ile ya mwanzo puuza.

Substack haina ada ya mwezi, ila inachukua asilimia 10 ya kila malipo ya msomaji, na malipo hupita Stripe, kampuni ya kupokea malipo ya kadi mtandaoni. Kwa mtu wa Afrika Mashariki hiki ndicho kikwazo chenyewe: Tanzania haimo kwenye nchi ambazo Stripe inamfungulia mfanyabiashara akaunti. Unaweza kujenga jarida zuri na kitufe cha kulipia kikakosa pa kupeleka hela. PayPal nayo kwa akaunti za Tanzania inatuma lakini haipokei, wakati Kenya inapokea na kuhamishia M-Pesa. Kama lengo lako ni wasomaji walipie, anza na swali la fedha itakufikiaje, ndipo uangalie uzuri wa muonekano.

Rekodi tatu za DNS

DNS ni mipangilio ya domeni, pale pale zinapoandikwa zile CNAME. Hapa ndipo wengi huchoka na kuruka, kisha wanashangaa kwa nini barua zinaangukia kwenye folda ya taka. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai kila mtumaji awe na uthibitisho wa domeni, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku awe na rekodi zote tatu: SPF, DKIM na DMARC. Hata ukiwa na watu 80, weka zote. Ni kazi ya nusu saa.

Kwanza, acha kutuma jarida ukitumia anwani ya @gmail.com au @yahoo.com kama mtumaji. Tangu 2014 Yahoo inaziagiza seva zote duniani zikatae barua zinazodai kutoka @yahoo.com lakini hazikupita kwake. Tumia jarida@jinalako.co.tz.

SPF ni rekodi ya TXT (mstari wa maandishi kwenye DNS) inayotaja nani anaruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako. Inafanana na hii:

v=spf1 include:_spf.google.com include:spf.hudumayako.com ~all

Domeni moja inabeba rekodi moja tu ya SPF. Ukiongeza huduma ya pili kwa kuandika rekodi ya pili, zote mbili zinakuwa batili. Unatakiwa kuongeza "include" ndani ya ile iliyopo. Pia kuna kikomo cha kutafuta kumbukumbu za DNS mara 10, na kila "include" inakula sehemu yake, hivyo futa huduma ulizoziacha.

DKIM ni sahihi ya siri inayobandikwa kwenye kila barua. Huduma yako itakupa CNAME moja au mbili, au TXT ndefu, na wewe unazinakili kwenye DNS. Ukibidi kuchagua moja ya kuhangaikia, hangaikia hii: sahihi yake hubaki hata msomaji akiwa amepanga barua zake zihamishwe kutoka sanduku moja hadi jingine, wakati SPF huvunjika hapo. Makosa matatu hujirudia. La kwanza, kwenye cPanel (paneli ya kusimamia tovuti) unaandika jina zima, k1._domainkey.jinalako.co.tz, na mfumo unaongeza domeni mwishoni tena, unapata jinalako.co.tz.jinalako.co.tz. Andika k1._domainkey tu, kisha soma imehifadhiwa vipi. La pili, TXT ndefu inakatika wakati wa kunakili kwenye simu. Fanya kazi hii kwenye kompyuta. La tatu ni la wanaotumia Cloudflare kusimamia DNS: ile alama ya wingu la rangi ya chungwa lazima izimwe kwenye CNAME za DKIM.

DMARC inaiambia seva ya mpokeaji ifanye nini barua ikishindwa mitihani hiyo miwili. Anza kwa upole:

_dmarc   TXT   v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@jinalako.co.tz

Baada ya wiki chache ripoti zikionyesha kwamba barua zako zote zinapita, badilisha p=none (usifanye kitu) iwe p=quarantine (zisizopita zitiwe kwenye taka). Usianze na p=reject (zikataliwe kabisa); utajifungia nje mwenyewe, hasa kama fomu ya mawasiliano ya blogu nayo hutuma barua kwa jina la domeni.

Kisha jitumie barua moja kwenye Gmail, uifungue kwa kompyuta, bonyeza vitone vitatu na uchague kuona barua asilia. Juu utaona SPF, DKIM na DMARC, kila moja ikiwa na neno PASS. Ikiwa moja imeandikwa FAIL, usitume kwa orodha mpaka irekebishwe. DNS huchukua dakika chache hadi saa 48 kuenea, kwa hiyo usibadilishe kitu kila dakika tano.

Fomu na ruhusa

Iombe barua pepe na jina la kwanza, basi. Kila kisanduku cha ziada kinapunguza wanaojaza. Iweke mwishoni mwa makala, mahali ambapo msomaji ameshajua kama anakupenda, na pia kwenye ukurasa wake peke yake ili uweze kuutumia kama linki. Dirisha linaloruka usoni sekunde tatu baada ya kufungua ukurasa linawakera watu wa simu ambao kitufe cha kufunga hawakioni.

Usiandike "Jiunge na jarida letu". Sema mtu atapata nini na lini: "Kila Jumatano asubuhi: bei za mazao na ushauri mmoja wa kilimo cha mboga." Ahadi yenye siku inakubana wewe pia, na hiyo ni faida.

Washa uthibitisho wa hatua mbili: mtu anajaza, anapokea barua, anabonyeza linki ndipo anaingia. Ndiyo, wengine hawatabonyeza. Lakini unaepuka anwani za "gmail.con" na "gmial.com", unaepuka roboti, na unakuwa na ushahidi wa ruhusa. Ushahidi huo una maana kisheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023. Orodha ya kununua, ile ya "barua pepe 50,000 za wafanyabiashara kwa elfu thelathini", achana nayo. Gmail inataka malalamiko ya barua taka yabaki chini ya asilimia 0.3, na ukiwa na wasomaji 300 lalamiko moja limeshavuka hapo.

Kama una orodha ya zamani iliyolala mwaka mzima, usiiamshe yote siku moja. Tuma kwa watu 50 hadi 100 wanaokufahamu, tazama ngapi zimerudi, kisha ongeza taratibu. Anwani iliyorudi kwa sababu haipo ifutwe mara hiyo hiyo.

Kuhusu barua yenyewe, machache. Gmail huikata barua inayozidi KB 102 za maandishi na msimbo, na linki ya kujiondoa huwa chini kabisa, hivyo inafichika, na msomaji aliyechoka anabonyeza "Barua taka" badala yake. Kichwa cha barua kionekane chote kwenye simu: herufi 35 hadi 40. Picha moja yenye upana wa pikseli 600 inatosha, maana bando ni la msomaji. Na usifanye maamuzi kwa kuangalia asilimia ya waliofungua: tangu Septemba 2021 programu ya Mail ya Apple inaweza kupakua picha zote hata kama mtu hajafungua barua, hivyo namba hiyo imevimba. Hesabu waliobonyeza linki na waliojibu.

WhatsApp, kwa sababu barua pepe peke yake haitoshi huku kwetu

Watu wengi wana Gmail kwa sababu simu ya Android iliwadai wakati wa kuiwasha, na tangu siku hiyo hawajafungua sanduku. WhatsApp wanaifungua kabla ya kunawa uso. Kwa hiyo jenga orodha mbili sambamba, ukijua kila moja ina kikomo chake.

Tumia programu ya WhatsApp Business yenye laini ya pekee, iliyosajiliwa kwa jina lako. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu sita, na uweke barua pepe ya kuirejesha. Iwekee laini hiyo salio mara kwa mara. Laini isiyotumika hurudishwa na kampuni ya simu na kuuzwa kwa mtu mwingine, na akaunti inaweza kwenda nayo. Matoleo ya kughushi kama GB WhatsApp usiyaguse, kwani akaunti hufungiwa na orodha inapotea.

Linki ya kumfungulia msomaji mazungumzo nawe huandikwa hivi:

https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nitumie%20makala%20mpya

Namba inaanza na msimbo wa nchi bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Ukiandika 25507… linki haifunguki kwa mtu yeyote, na wewe hutajua, kwa sababu asiyeweza kukupata hawezi kukuambia. Ijaribu kwa simu ya mtu mwingine.

Orodha ya matangazo (broadcast), ile ya kutuma ujumbe mmoja kwa wengi, ina kikomo cha watu 256, na ujumbe humfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Hilo la pili ndilo linaloua kazi ya wengi: wanatuma kwa 200, wanapata tiki mbili kwa 60, wanadhani mtandao ni mbovu. Mtu akikuandikia mara ya kwanza, mjibu kwa ujumbe uliouhifadhi kwenye majibu ya haraka: "Karibu. Hifadhi namba hii kwa jina la blogu, kisha nijibu TAYARI." Asiyejibu usimwingize. Waliojibu wape lebo, kwa mfano "wasomaji Machi", na uwaandike pia kwenye lahajedwali: jina, namba, tarehe ya kuruhusu, mada anayotaka.

Kundi linachukua hadi watu 1,024, lakini kila mwanachama anaona namba ya mwenzake, na ndani ya wiki mtu anaanza kuuza mikopo. Kama unalazimika, ruhusu wasimamizi pekee kutuma.

Chaneli zilianza kuenea duniani Septemba 2023. Hazina kikomo cha 256, na namba za watu zimefichwa. Zimefichwa kwako pia: huwezi kupakua wafuasi wala kumwandikia mmoja mmoja. Ni spika nzuri ya kutangazia makala, basi. Kila chapisho la chaneli liishie na linki ya fomu yako au ya wa.me, ili anayetaka avuke aje upande wako.

Kujua nani ametoka wapi

Mtu akibonyeza linki ndani ya WhatsApp, mara nyingi takwimu zinamwandika kama aliyekuja moja kwa moja, na wewe unabaki kubahatisha. Dawa ni kuongeza maneno matatu mwishoni mwa linki:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=mbolea-machi

Kwa jarida andika utm_source=jarida&utm_medium=email. Usitafsiri hilo neno la mwisho. Google Analytics 4, chombo cha takwimu za tovuti, hulitafuta kama lilivyo ili kumweka mtu kwenye kundi la barua pepe. Ukiandika "baruapepe" anaangukia kwenye kundi la wasiojulikana. Herufi kubwa na ndogo nazo zinahesabiwa tofauti, kwa hiyo "WhatsApp" na "whatsapp" zitakupa mistari miwili. Shika herufi ndogo daima, na usiweke maneno haya kwenye linki za ndani ya blogu yako, zinachafua hesabu ya chanzo.

Linki ikiwa ndefu, jihadhari na huduma za kufupisha. Firebase Dynamic Links, huduma ya linki ya Google, ilizimwa Agosti 2025 na linki zake zikafa nayo. Ukiwa na WordPress elekeza jinalako.co.tz/wa kwenda kwenye wa.me yako. Blogger inaelekeza ndani ya blogu hiyo hiyo tu, hivyo tengeneza ukurasa mfupi wenye kitufe.

Huduma mpya ikitokea

Kabla ya kufungua akaunti, tafuta kwenye kurasa zao za msaada maneno "export" (kupakua) na "CSV" (faili la orodha linalofunguka kama lahajedwali). Ukikuta anwani za wafuasi zinapakuliwa, endelea. Usipokuta, huduma hiyo ni ya kutangazia, si ya kuishi. Kisha angalia kama inakubali domeni yako, inakata asilimia ngapi, inalipa kwa njia gani nchini mwako, na kiwango cha chini cha kutoa fedha ni kiasi gani. Huduma inayodai usubiri dola 100 wakati unapata dola 4 kwa mwezi inashikilia hela yako miaka miwili.

Ijaribu kwa wiki sita. Makala huchapishwa kwenye blogu kwanza, halafu kipande chake ndicho kinachopelekwa kule, kikiwa na linki yenye utm_source ya huduma hiyo. Mwisho wa wiki ya sita hesabu kitu kimoja: wangapi walijisajili kwenye orodha yako kutokea huko. Wafuasi 2,000 na usajili 3 ni kazi ya bure. Wafuasi 150 na usajili 40, ongeza muda pale.

Wakati wote huo, kila tarehe mosi pakua CSV ya jarida, lahajedwali ya namba na nakala ya blogu, vyote kwenye folda moja yenye nenosiri, nakala moja nje ya mtandao. Faili liwe na safu ya tarehe ya kujisajili na ya hali, yaani yupo, amejiondoa, au anwani imekufa. Bila safu hiyo ya mwisho, siku ya kuhama utawarudisha waliokwisha kujiondoa, na hao ndio wa kwanza kubonyeza "Barua taka".

Ukiamua kuiacha huduma, usifute akaunti siku hiyo. Bandika juu kabisa ujumbe wenye linki ya fomu yako, uache ukae walau mwezi, pakua kila kinachopakulika, kisha acha kuchapisha lakini ubaki na jina la akaunti, maana jina lililoachwa wazi huchukuliwa na matapeli na kuanza kuwaomba wasomaji wako hela.